Filta ya hewa ya lori: kompresa, kilometa au geji?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba, gereji za Masasi hubadili mlio. Kompresa inanguruma, utingo anaigonga filta ya hewa kwenye tairi, vumbi jekundu linamrudia usoni, kisha anaipiga upepo mpaka karatasi ikaribie rangi yake ya dukani. Dakika kumi tu, filta imerudi kwenye boksi lake na Fuso limeshika njia ya Newala kufuata magunia ya chama cha msingi. Kwamba huenda imefika muda wa kuibadilisha, hakuna aliyeuliza.

Wanaopuliza si wajinga. Filta ikijaa, injini ya dizeli inakosa pumzi: mlima uliokuwa unapandwa na gia ya tatu sasa unataka ya pili, moshi mweusi unatoka, mafuta yanakwenda. Ukiipuliza, nguvu inarudi siku hiyo hiyo na dereva anaiona. Tena mwenye gari akisema abadilishe kila anapoona karatasi imechafuka, kwa vumbi la vijiji vya Tandahimba atakuwa mteja wa duka la spea kila wiki.

Wengine ni watu wa kitabu cha sevisi. Hawa hawaigusi filta mpaka kilometa zitimie, ndipo wanaitupa na kuweka mpya. Ni nidhamu nzuri, ila kilometa hazipimi vumbi. Semitrela la makaa ya mawe linatoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara, zaidi ya kilometa 600, karibu safari nzima juu ya lami; vumbi lake liko mgodini na pale linapomwaga. Fuso la korosho linashinda kwenye njia za mchanga, nyuma ya Fuso jingine. Ukiyapa magari hayo ratiba moja, moja litatupa filta nzima na jingine litabanwa pumzi kabla ya sevisi.

Mimi nilikuwa mpulizaji. Kilichonigeuza ni tochi. Siku moja niliiingiza ndani ya filta iliyokwishapulizwa mara nyingi, nikaizungusha taratibu gizani. Kwenye kunjo moja ukatokea mwanga mdogo, upana wa ncha ya sindano. Nikapitisha kidole ndani ya bomba linalokwenda kwenye tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, upande ambao hewa inatakiwa iwe imeshachujwa. Kidole kikatoka na unga mwekundu, laini kama poda. Unga huo ndio msasa unaokula ringi za pistoni na laina, yaani ukuta wa silinda, na mwenye gari anakuja kujua injini ikishaanza kula oili.

Watengenezaji wanaokubali filta ipulizwe huweka kikomo cha upepo kwenye psi 30 hivi, tena ukitokea ndani kwenda nje. Kompresa ya kujazia tairi za lori ina psi 100 na zaidi, na utingo anausogeza mdomo wa bomba mpaka ugusane na karatasi.

Halafu kuna jambo ambalo wapulizaji hawalipendi: filta iliyochafuka kiasi huchuja vizuri kuliko mpya. Tabaka la vumbi juu ya karatasi nalo linazuia vumbi. Ukilipuliza unaanza upya, na kila ukifungua boksi unajipa nafasi ya kudondosha uchafu ndani au kufunga mpira vibaya.

Kwa hiyo naegemea geji, kile kidude cha plastiki chenye kidirisha juu ya boksi au kwenye bomba lake. Hupima jinsi injini inavyohangaika kuvuta hewa. Injini nyingi kubwa za dizeli zina kikomo cha mvuto cha karibu inchi 25 za maji, sawa na kilopaskali 6 hivi. Ikifika nyekundu gari likiwa na mzigo, badilisha. Haijafika, acha, hata karatasi iwe nyekundu kama ardhi ya Nachingwea.

Nayo ina udhaifu wake. Filta iliyotoboka inavuta hewa kiulaini, kwa hiyo geji inaweza kuchelewa kufika nyekundu au isifike kabisa. Huwezi kuchanganya dini mbili: ukishapuliza kwa nguvu, geji si shahidi tena. Na magari mengi ya mkono wa pili huku yameshaing'oa, tundu likazibwa kwa gundi.

Nakubali udhuru mmoja. Uko Liwale, geji imekuwa nyekundu, mzigo uko juu na filta mpya iko Nachingwea. Puliza, kwa upepo mdogo, mara moja, umulike tochi kabla ya kurudisha. Kama boksi lina filta ndogo ya pili ndani ya ile kubwa, hiyo usiipulize hata hapo. Huwa inabadilishwa tu. Ukifika mjini nunua mpya, na ile ya zamani uikanyage kabla ya kuitupa, maana utingo akiikuta nzima ataihifadhi nyuma ya kiti.