Boma la Nala, bado lenta

Jamani mnisikilize nyie maana nyumbani hawanisikilizi tena. Nina kiwanja Nala, hapa Dodoma, msingi nilichimba 2019, kipindi kile reli ya SGR ya kutoka Dar bado wanaijenga, nikajitapa kwa mama watoto kwamba treni itafika Dodoma itukute tumeshahamia. Treni imeanza kuleta abiria huku 2024. Mimi niko lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na si lenta yote, upande wa jikoni haujamwagwa zege mpaka leo.

Fundi ukimpigia anakwambia "bosi nipo njiani", halafu nyuma yake unasikia nyundo zinagonga na mtu anaita "leta karai!", sasa njia gani hiyo ina karai? Ana saiti tatu huyo, mimi ndio ile ya tatu. Juzi nimefika saa nne nikamkuta saidia fundi peke yake amekaa juu ya ndoo kaigeuza, anamung'unya ubuyu, mbegu anazitemea kwenye kokoto zangu. Fundi yuko wapi? "Ameenda kufuata pima maji," kile kifaa cha kupimia ukuta kama umenyooka. Nikauliza lini. "Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi!!

Advansi nilimpa nusu nzima Jumamosi jioni, hapo najilaumu mwenyewe. Shemeji alishanionya, lipa kwa hatua, msingi ukiisha lipa, kozi, yaani mistari ya tofali, zikifika lenta lipa, muandikishane na awepo shahidi, na fundi usimuite mpaka mchanga, nondo na maji viko saiti. Nikamwona mnoko. Sasa nimewahi kulipa vibarua sita posho ya siku nzima wakae kivulini wakisubiri boza la maji ambalo lilikuja saa kumi na moja jioni, na Nala bila boza hupigi zege, labda utemee mate.

Halafu mvua. Dodoma mvua inaanza Desemba inakatika Aprili, hata mbuzi wanajua, lakini mimi hela yangu huwa inatimia Desemba hiyo hiyo sijui nimelogwa! Lori la mchanga likazama kwenye ule udongo mweusi siku mbili, saidia fundi wote wakarudi kwao Kongwa na Mpwapwa kulima alizeti, na mifuko yangu 40 ya saruji niliyonunua mapema nikiogopa bei kupanda, nikaifunika turubai lenye matundu, ikawa mawe. Sasa hivi ndio viti vya wageni pale saiti, karibuni.

Ila fundi naye ana la kusema, tusimuonee sana. Mama watoto aliona picha ya jiko kwenye status ya mtu, tukavunja kozi sita kuhamisha dirisha. Mwezi uliofuata mimi nikataka choo cha ndani chumbani, tukavunja tena. Fundi akaniuliza kwa upole, "bosi, ramani unayo?" Ramani ninayo, nimechora mwenyewe nyuma ya kalenda, mwezi wa saba umeliwa na panya, na sebule ilikuwa humo. Na kile kipande cha lenta kilichomwagwa nilitaka mirunda, ile miti ya kukishikilia, itolewe siku ya pili tu kwa sababu ni ya kukodi, akagoma, akasema zege linahesabiwa siku 28 kupata nguvu yake. Nikamjibu basi litapata nguvu kabla wewe hujarudi na pima maji.

Jana nikajaribu kujitetea kwa mama watoto. Nikamwambia mke wangu, Dodoma ilitangazwa makao makuu 1973, serikali imekuja kuhamia kweli kweli kuanzia 2016, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi, sembuse mimi na vyumba vyangu vitatu? Akageuza chapati, hata hakuniangalia. "Serikali ilikuwa inadaiwa kodi ya miezi sita na mama mwenye nyumba wa hapa Chang'ombe?"