Kiraka cha Git: kwa barua pepe au kwa kitufe?

Wanaofundisha Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, hubishana sana kuhusu jambo moja. Mwanafunzi apeleke kiraka chake cha kwanza, yaani faili linaloonyesha badiliko lake la msimbo, kwa barua pepe, kama wafanyavyo waandishi wa Linux, au abonyeze tu kitufe cha ombi la kuunganisha (pull request) kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git? Git ilizaliwa ndani ya njia ya kwanza. Linus Torvalds alipoiandika mwaka 2005, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ilikuwa tayari inapokea viraka kwa barua pepe, na hadi leo ndivyo ilivyo. GitHub ilikuja 2008.

Kitufe kina hoja nzito. Mwanafunzi anachukua nakala ya repo (mradi pamoja na historia yake), anafungua tawi (mkondo wake wa kazi), anasukuma komiti zake (mabadiliko aliyohifadhi), basi. Majaribio yanajiendesha, na maoni ya mhakiki yanakaa palepale kwenye mstari unaohusika. Kampuni nyingi zinafanya kazi hivyo. Barua pepe inadai mipangilio ya SMTP, njia ya kutuma barua pepe, kwanza, na kwa Gmail hiyo ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili na kutengeneza nywila ya pekee ya herufi 16, kabla hata msimbo haujaguswa. Ni rahisi kukata tamaa hapo.

Lakini barua pepe inafundisha kitu ambacho kitufe kinakificha. Andika `git format-patch -1`, amri inayogeuza komiti ya mwisho kuwa kiraka, ufungue faili linalotoka. Utakuta mstari kama huu:

`@@ -14,7 +14,8 @@`

Maana yake, kipande kinaanzia mstari wa 14. Kilikuwa na mistari 7, sasa kina 8. Mitatu ya juu na mitatu ya chini haikuguswa, mmoja umetoka, miwili imeingia. Git inaihesabu mistari hiyo. Ndiyo maana kiraka kilichonakiliwa na kubandikwa kwenye Gmail ya kivinjari huharibika: mstari mrefu hukatwa ukawa miwili, nafasi za kitufe cha Tab hugeuka nafasi za kawaida, na mpokeaji akiendesha `git am`, amri ya kukiingiza kwenye repo yake, anaambiwa kiraka ni kibovu au hakiingii. Dawa yake ni `git send-email`, inayokituma kiraka kama kilivyo. Aliyeielewa hesabu hii hababaiki hata mabadiliko ya matawi mawili yakigongana, maana anajua Git ilikuwa inalinganisha nini na nini.

Halafu kuna marudio. Kwenye ombi la kuunganisha, mhakiki akiomba marekebisho, mwanafunzi huongeza komiti ya "rekebisho", kisha "rekebisho tena", kisha "sasa sawa", na historia inajaa takataka. Kwa barua pepe hilo halipiti. Unasafisha kwa `git rebase -i`, amri ya kupanga upya na kuunganisha komiti, unatoa toleo la pili la kiraka kwa `-v2`, na chini ya vistari vitatu (`---`) vinavyofuata ujumbe wa komiti unaeleza kilichobadilika. Mhakiki anayasoma maelezo hayo, lakini hayaingii kwenye historia. Ni kweli kwamba kwenye GitHub pia unaweza kusafisha, kisha ukasukuma upya juu ya toleo la zamani kwa `--force-with-lease`. Ila hakuna kinachokulazimisha.

Kuhakiki nako kunajifunzwa, na hapa njia zote mbili zinaweza kumharibu mtu. Anayesoma kwa macho tu huishia kusahihisha nafasi na majina ya vigeu. Alichukue badiliko, alijenge, aliendeshe, alipatie ingizo tupu aone litafanya nini. Kwenye kerneli, Reviewed-by (aliyehakiki) na Tested-by (aliyejaribu) ni saini mbili tofauti, na ndivyo inavyostahili.

Kwa maoni yetu, aanze na kiraka bila SMTP kabisa. Repo ileile iwe kwenye folda mbili: atoe kiraka kwenye moja, akiingize kwa `git am` kwenye nyingine, kisha akiharibu makusudi kwa kukata mstari mmoja katikati, aone kinavyokataliwa. Jioni moja inatosha. Baada ya hapo aende kwenye kitufe. Kerneli ingoje: repo yake nzima inapita gigabaiti moja, bando litakwisha njiani, na hata kiraka kikishatumwa, inabidi kusubiri angalau wiki moja kabla ya kukiulizia.