Shemeji, Nyoka na Saa Kumi

Ujumbe wangu kwa shemeji ulikuwa mfupi: "Machi 20 tuwe Chichén Itzá saa 10." Hayo ni magofu ya Wamaya huko Mexico, ambako usiku na mchana vinapolingana, nyoka huonekana akishuka piramidi. Shemeji kazaliwa Houston. Kiswahili anakiongea vizuri tu, ila saa zake ni za Kizungu. Akakodi gari kutoka Cancún, karibu kilomita 200, litufikishe saa nne asubuhi. Tukaingia jimbo la Yucatán, ambako saa ziko nyuma ya Cancún kwa saa moja, simu zikajirudisha zenyewe. Saa tatu asubuhi tupo langoni, na nyoka hashuki hadi saa kumi jioni.

Tukapanga foleni, tukalipa. Getini tukarudishwa: tiketi ni mbili, ya jimbo na ya serikali kuu, kila moja na dirisha lake. Foleni upya.

Piramidi ya Kukulkán, mungu-nyoka wa Wamaya, ina vidato 91 kila upande. Pande nne, ukiongeza jukwaa la juu, unapata 365. Nilivihesabu kwa macho tu maana kupanda hairuhusiwi. Shemeji akajifunza kwamba ukipiga makofi mbele ya ngazi, mwangwi unarudi na mlio kama wa ndege. Akapiga makofi nusu saa nzima, hadi bibi mmoja aliyevaa nyeupe tupu akamwangalia vibaya.

Jua lile si la mchezo, na uwanja hauna mti katikati. Asubuhi tulijibanza upande wa magharibi, kwenye kipande cha kivuli cha piramidi. Adhuhuri kikatoweka, tukakimbilia miti ya pembeni kwa wauza vinyago. Saa tisa hivi kivuli kikarudi, safari hii mashariki, kipana, na hakina watu! Maelfu wamebanana juani upande wa kaskazini. Tukawacheka. Tukatandika shuka, shemeji akaanza kukoroma.

Tulichosahau ni kwamba yule nyoka naye ni kivuli. Jua la jioni linapita kwenye kona ya matabaka ya piramidi, linachora pembetatu saba za mwanga kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini, ubavu unaotazama magharibi, hadi kwenye kichwa cha nyoka cha jiwe pale chini. Ukiwa mashariki, unatazama mgongo wa ukuta.

Kelele zilipolipuka tulikurupuka, kiatu kimoja mkononi. Mbele yetu kofia, simu, na watoto mabegani mwa baba zao. Nilichokiona ni pua ya nyoka.

Bahati, mwanga ule hauondoki kwa siku moja; kesho yake unaonekana karibu vilevile, na watu ni wachache. Tukalala Valladolid, kilomita kama 40 tu. Safari hii sikutaka makosa, nikamwandikia: "Kesho 16:00."

Akanijibu: "Sawa shemeji. Ila saa kumi na sita si usiku huo? Nyoka tutamwona na tochi?"