Kisumu: msiwapite swala mkimkimbilia simba

Nina ombi kwa walimu wa Kisumu, Vihiga, Kakamega, Siaya na kwingineko ambako mabasi ya shule hutoka kwenda Hifadhi ya Impala hapa Kisumu: msianze na simba.

Najua ombi lenyewe ni gumu. Mtoto aliyeamshwa kungali giza, akafungiwa chapati na chai ya chupa, amekuja kuona simba. Akishuka tu kwenye basi anauliza simba yuko wapi. Mwalimu naye ana watoto wa kuhesabu na saa ya kurudi, kwa hiyo anawapanga mstari na kuwapeleka moja kwa moja kwenye vizimba. Huko wanamkuta simba amelala. Simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, hata porini. Basi kelele zinaanza: hawa wanapiga makofi, wale wanaigiza ngurumo, na wakati mwingine ni mtu mzima anayegonga wavu ili mnyama ageuke apigwe picha. Baadaye ni mbio kwa chui, kwa duma, kwa fisi. Na njiani wamewapita swala waliotulia kwenye nyasi bila uzio wowote kati yao na watoto, kana kwamba ni mbuzi wa jirani.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu swala hao ndio waliofanya hifadhi hiyo ianzishwe. Mwaka 1992 eneo hilo dogo la ufukweni mwa Ziwa Victoria lilitengwa ili kuwalinda swala pala wachache waliokuwa wamesalia Kisumu, na pia kuwaachia viboko mahali pa kula nyasi wanapotoka majini usiku. Sijui mji mwingine mkubwa katika pembe hii ya nchi ambapo mtoto anaweza kusimama hatua chache kutoka kwa swala aliye huru.

Hebu mwambieni atazame. Dume ana pembe zilizopinda kwa madaha, jike hana. Juu kidogo ya kwato za miguu ya nyuma kuna kishungi cheusi cha manyoya, alama ambayo swala wengine hawana. Wakitulia, utaona wawili wanasafishana shingo kwa zamu, huyu akimtoa mwenzake kupe, kisha yule akirudisha. Na wakishtuka, wanaruka juu kiasi cha mita 3. Mambo haya hayaonekani kwa dakika mbili. Yanataka darasa zima likae kimya, na watoto wetu wanaweza kukaa kimya wakipewa kitu cha kutafuta.

Sisemi vizimba vifungwe. Mtoto wa simba aliyelelewa na watu hakufunzwa kuwinda na mama yake, na hamwogopi binadamu. Ukimwachilia ataishia kwenye zizi la mtu, na mikuki itamngoja. Kwake, kizimba ndiyo nyumba iliyobaki. Lakini mtoto anastahili kuelezwa hayo. “Kwa nini amefungiwa?” ni swali zuri kuliko “Mbona hanguruma?”, na ni swali la kumuuliza askari wa wanyamapori mkiwa mmesimama pale, kabla ya kuhamia kizimba kinachofuata.

Mnyama ninayemtetea zaidi, hata hivyo, ni nzohe, ambaye wengi humwita sitatunga. Huyu ni swala wa kwetu hasa, wa kwenye mafunjo. Kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame kwenye tope. Akihisi hatari huingia majini na kujificha, akiacha pua tu juu. Kule karibu na Kitale, Mbuga ya Saiwa ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili yake, na ndiyo mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya.

Hapa Kisumu mafunjo yapo Dunga, si mbali na hifadhi. Yanakatwa kwa mikeka, na hilo halina ubaya likifanywa kwa kiasi. Ubaya ni kuyachoma na kuyageuza shamba. Mafunjo huchuja tope kabla halijaingia ziwani, na samaki wadogo hujificha humo. Kamongo anayeuzwa sokoni anaishi kwenye vinamasi kama hivyo. Mtoto wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, anamjua kamongo tangu utotoni. Akielezwa kwamba nzohe na kamongo wanategemea kinamasi kimoja, hatahitaji hotuba ndefu kuhusu mazingira. Ndiyo maana ningependa kila ziara ya Impala iishie Dunga, hata kwa nusu saa, watoto wayaone mafunjo yenyewe na ndege wake.

Na kwa shule za Homa Bay na Migori nina neno la pekee. Mnasafiri hadi Kisumu kuona simba, ilhali kwenye Bonde la Lambwe, katika Mbuga ya Ruma, kuna korongo, swala mkubwa ambaye porini hapatikani kwingine popote nchini Kenya. Yuko karibu nanyi kuliko sisi wote. Ziara ya kwanza ya mtoto wa huko ingepaswa kuwa Ruma, na Kisumu ingojee muhula unaofuata.