Sala ya D-Day: bamba la Washington lina haki ya kuwepo

Tarehe 30 Juni 2014 Rais Obama alitia saini sheria iliyoagiza sala aliyoisoma Rais wa wakati huo Franklin Roosevelt tarehe 6 Juni 1944 (D-Day), siku majeshi ya Washirika yalipovamia Normandy, Ufaransa, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, iwekwe kwenye eneo la kumbukumbu ya Vita vya Pili vya Dunia jijini Washington. Bamba lilizinduliwa rasmi 2023. Wapinzani walisema serikali inaingiza dini katika kumbukumbu ya taifa zima. Watetezi nao waliishangilia kama ukumbusho wa nguvu ya sala. Naona pande zote mbili zilibishana juu ya sala bila kuisoma vya kutosha.

Tuanze na saa. Wamarekani wa kwanza waliotoka baharini walikanyaga ufukwe yapata saa 12:30 asubuhi. Roosevelt alisoma sala redioni saa 4 usiku wa Washington, wakati Normandy ilikuwa saa 10 alfajiri ya siku ya pili. Zilikuwa zimepita zaidi ya saa 21, na maelfu walikwisha kuuawa au kujeruhiwa. Kwa hiyo sala hii haikuwasindikiza askari vitani. Ilikuwa ya waliobaki nyumbani. Nakala yake ilitolewa mapema, magazeti ya mchana yakaichapa, ili aliyekaa karibu na redio aifuatishe neno kwa neno. Inakadiriwa watu milioni 100 walisikiliza, katika nchi yenye watu wasiofika milioni 140.

Na waliomba nini? Roosevelt hadai kwamba Mungu amekwisha kuwakabidhi ushindi. Anakiri kwamba adui ana nguvu, kwamba huenda majeshi yakarudishwa nyuma, kwamba mafanikio yanaweza kuchelewa. Anatamka wazi kwamba baadhi ya vijana hawatarudi kamwe, na anamwomba Mungu awapokee. Wengi walimsihi atangaze siku moja maalumu ya maombi. Akaona haitoshi, kwa kuwa njia ni ndefu. Akataka watu waombe kila waamkapo na kila siku inapokwisha. Anafunga kwa "mapenzi yako yatimizwe". Kiongozi anayeitumia sala kupiga kifua hafungi kwa maneno hayo. Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa uvamizi huo, naye alikuwa ameandika kikaratasi cha kubeba lawama yeye mwenyewe endapo uvamizi ungeshindwa.

Sasa nenda kwenye mnara wenyewe, uliofunguliwa 2004. Kuna nguzo 56, na ukuta wenye nyota 4,048 za dhahabu, kila moja ikiwakilisha Wamarekani 100 waliokufa. Maneno ya Roosevelt kuhusu Pearl Harbor, kituo cha majeshi ya Marekani kilichoshambuliwa na Japani 1941, yaliyochongwa pale yanaahidi ushindi kamili. Ya Eisenhower ya siku ya uvamizi yanasema macho ya dunia yanawatazama askari, kisha zinafuata nukta tatu, kisha anasema ana imani kamili na ushujaa wao. Nukta hizo tatu ndizo zinazonikera. Katika waraka wa asili, sentensi inayofuata mara moja inasema matumaini na sala za wapenda uhuru kila mahali zinaandamana nao. Mbele kidogo anawaonya kwamba kazi haitakuwa rahisi, kwamba adui amefunzwa vizuri, ana silaha nzuri na ameizoea vita. Yote hayo yamerukwa. Aliyefupisha huenda alitafuta nafasi tu kwenye jiwe, lakini pamoja na sala imeondoka hofu, na bila hofu ile nyota 4,048 hazieleweki. Sala ya Roosevelt inairudisha.

Wapinzani wana hoja nzito, na haikuwa haki kuwaita maadui wa Mungu. Miongoni mwao, pamoja na ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, yalikuwemo mashirika ya kidini kama Interfaith Alliance na Hindu American Foundation. Sala inataja kulinda "dini yetu", kwa umoja, ilhali waliopigana walikuwa wa dini nyingi na wengine hawakuwa na dini. Neno hilo linauma, na haliwezi kufutwa bila kuighushi historia. Mwaka 2011 wizara inayosimamia eneo hilo ilionya pia kwamba nyongeza ingepunguza uzito wa ujumbe wa mnara, hoja ya usanifu ambayo watetezi waliipuuza mno. Ulisambazwa hata uvumi kwamba maneno "Mungu atusaidie" yalikatwa kutoka nukuu ya Pearl Harbor. Si kweli: yako katika sentensi nyingine ya hotuba ile.

Utekelezaji ulijibu sehemu kubwa ya malalamiko hayo. Sheria ilikataza fedha za serikali kuu na ikalazimisha mradi upitie taratibu za kawaida za kumbukumbu za mji mkuu. Bamba halikugusa nguzo wala ukuta wa nyota. Liko kwenye kibustani cha duara kaskazini-magharibi, nje ya uwanja mkuu. Asiyetaka kusali anaweza kuuzunguka mnara wote bila kukutana nalo. Anayelifuata atahitaji dakika chache za kusimama, kwa sababu sala ni ndefu, na haifai kukatwa kwa nukta tatu.