Acheni Kuuliza Namba ya Toleo

Jumamosi nilisasisha mfumo wa Windows kwenye kompyuta yangu. Ikazima, ikawaka, ikazunguka weee, mwishowe ikatulia. Nikabofya programu ninayoitumia karibu kila siku kuhariri sauti, ikanipokea kwa kidirisha chenye alama nyekundu: mfumo wako ni wa zamani mno. Wa zamani! Mfumo una dakika kumi tangu uzaliwe!

Nilikasirika, kisha nikacheka. Niliingia kwenye sifa za faili, nikaweka tiki kwenye kile kisanduku cha kuiendesha programu kana kwamba iko kwenye toleo la nyuma, nikabofya tena. Ikafunguka. Yaani ilipoambiwa ukweli kwamba mfumo ni mpya, ilinikatalia kwa kuwa ni wa zamani. Nilipoidanganya kwamba ni wa zamani, ikanikaribisha ndani.

Aliyewahi kuandika programu atakuwa ameshanusa kilichooza. Kosa lenyewe tunalijua: mtu anaandika sharti kwamba namba kubwa ya toleo, ile ya kabla ya nukta, iwe 5 au zaidi, NA namba ndogo, ile ya baada ya nukta, iwe 1 au zaidi. Alikuwa anaitaka Windows XP, ambayo kwa ndani ni 5.1, na kwa XP sharti linatimia. Ikaja Vista, 6.0. Sita inazidi tano, sawa. Lakini sifuri haifiki moja, basi mlango unafungwa. Kosa hili lilienea kiasi kwamba Windows 7 ilipotoka mwaka 2009, kwa ndani haikuwa 7.0 bali 6.1, na Microsoft wenyewe walieleza kwamba ni kwa ajili ya programu za watu. Halafu ikaja Windows 10, kwa ndani 10.0, na sifuri ile ikarudi pale pale.

Kabla hamjanipigia makofi, nikiri kwamba mimi nimefanya baya zaidi. Niliwahi kulinganisha namba za matoleo kama maandishi. Kimaandishi, "10" inatangulia "9", maana 1 iko mbele ya 9 na kompyuta haina habari na kinachofuata. Siku mfumo ulipofika toleo la 10, programu yangu iliwahesabu wote waliosasisha kuwa ndio waliochelewa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kweli sikuambiwa.

Kinachonikera si hesabu mbovu tu. Ni kwamba swali lenyewe halina maana, na tumeliuliza vibaya kwa miaka mingi hadi mifumo imejifunza kutudanganya. Windows 95 ilikuwa 4.0, lakini programu za biti 16, za kizazi cha kabla yake, zikiiuliza ilijibu 3.95, kwa sababu nyingi zilikuwa zinachanganyikiwa na jibu la kweli. Tangu Windows 8.1, programu isiyotangaza kwamba inaijua 8.1 au iliyofuata huambiwa 6.2, namba ya Windows 8. Windows 11 mpaka leo hujitaja kuwa 10.0. macOS Big Sur, mfumo wa kompyuta za Apple, ni 11, lakini programu zilizojengwa kwa zana za zamani za waandishi wa programu huambiwa 10.16, toleo ambalo halijawahi kutolewa rasmi. Msidhani Linux wamesalimika. Mwaka 2011 kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, ilipotoka 2.6.39 kwenda 3.0, mabadiliko ya namba peke yake yaliangusha programu, ikabidi iwekwe hali maalumu ya kuifanya kerneli ijitambulishe kama 2.6.40.

Sasa niambie: shahidi aliyefundishwa kusema uongo kwa ajili yako, unamwita mahakamani wa nini?

Uliza unachokihitaji. Unataka kitendakazi fulani, yaani kazi moja ambayo mfumo huifanya programu yako ikiiita? Kiulizie chenyewe. Kwenye Windows, badala ya kuifunga programu yako moja kwa moja na kitendakazi kilichokuja juzi, unakitafuta kwa jina ndani ya maktaba, faili la mfumo linalobeba vitendakazi, kupitia amri ya GetProcAddress. Kikiwepo unapewa anwani yake. Kisipokuwepo unapewa sifuri, nawe unafuata njia ya zamani. Mistari mitano. Ukikifunga moja kwa moja, kwenye mfumo wa nyuma programu nzima inagoma kuwaka, hata kama kitendakazi hicho ulikihitaji kwa kitufe kimoja ambacho hakuna anayekibonyeza. Unataka kuandika kwenye folda? Jaribu kuandika, ukikataliwa mweleze mtumiaji kwa lugha ya binadamu. Usiseme "toleo hili huruhusu". Waandishi wa programu za Android waliomzoea mtumiaji anayekubali ruhusa zote wakati wa kusakinisha waliliona hili ilipokuja 6.0 mwaka 2015: kuanzia hapo mtu anaweza kukupa kamera leo na kukunyang'anya kesho, toleo ni lile lile, simu ni ile ile. Namba itakusaidia nini hapo?

Haya, nakubali, ila shingo upande: kuna siku kitendakazi kipo, kinajibu, na kinajibu ujinga, kwa sababu toleo moja lilitoka na hitilafu. Hapo huna budi kuangalia namba. Basi angalia toleo hilo moja lenye ugonjwa, usiyahukumu yote yajayo. Na iwapo lazima uweke kiwango cha chini, tumia kilinganishi kilichotengenezwa na wenye mfumo, si hesabu yako ya kichwani.

Kuna milango inayofungwa kabisa, na hapo ujanja hausaidii. macOS Catalina mwaka 2019 iliziacha programu zote za biti 32. Uulize usiulize, zimekwisha. Nanyi wa Linux, jengeni juu ya glibc, maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu kila programu, ya zamani kabisa mnayotaka kuihudumia, maana programu ya juu ya glibc ya zamani huenda na mpya, lakini kinyume chake hakuna. Nimesema.

Wapo wanaolalamika kwamba mifumo inabadilika ovyo. Labda. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa: wapo wahandisi waliotumia miaka ya maisha yao kuandika uongo ule mmoja mmoja, programu kwa programu, ili mimi na wewe tusigundue kwamba tulikosea alama ya "kubwa kuliko".

Nimewaandikia wenye ile programu ya sauti. Nimeeleza kila kitu: toleo, kidirisha, kisanduku nilichokiwekea tiki, hata kosa ninaloshuku. Wamejibu ndani ya saa moja, kwa adabu kabisa. Wananishauri kwanza nisasishe mfumo wangu.