Wazee wa Ham Redio Si Kastoma Kea

Jana, huku kwetu kwenye ham redio (mawasiliano ya redio ya kupenda tu, hakuna anayelipwa), nimeona kijana anamjia juu mzee wa watu eti swali lake la antena limekaa masaa matatu halijajibiwa. Masaa matatu! Kaandika "huduma yenu mbovu sana". Huduma gani jamani, kwani kamlipa nani? Yule mzee mchana ana kazi yake, ana wajukuu, usiku akishakula ndio anakaa kujibu maswali ya watu hata hawajui. Nimekasirika na mpaka sasa sijatulia.

Mzee huyo ananidai deni ambalo sitalimaliza. Niko Mombasa, na wapwani mwajua chumvi inavyokula mabati. Dipole yangu (antena ya waya wa pande mbili) ya bendi ya mita 20, hizo ni urefu wa wimbi, waya wenyewe kama mita tano kila upande, siku nimeifunga SWR (kipimo cha pawa inayorudi nyuma badala ya kutoka, 1 ndiyo safi) ilikuwa 1.3, baada ya miezi ikapanda ikapita 3, redio ikawa yajipunguzia pawa yenyewe isiungue. Nikakata waya, nikaongeza waya, nikahamisha kamba toka mwembeni mpaka kwenye mnazi, wapi. Nikamwandikia, "Shikamoo mzee, antena yangu imeharibika, nisaidie." Basi, hayo tu.

Hakunigombeza. "Marahaba mwanangu," kisha akaanza kuuliza, SWR ilikuwa ngapi mwanzo, kebo ya redio kwenda antena ni gani, urefu gani, mvua ikinyesha inakuwaje? Akaniambia nishushe antena, pale mwisho wa kebo nifunge dummy load ya ohm 50 (kifaa kinachokaa badala ya antena na kumeza pawa) nipime tena, SWR ikishuka karibu na 1 basi niende nikaitazame antena, ikibaki juu niache kukata waya maana mgonjwa ni kebo au koneksha. Ikabaki juu. Kufungua koneksha, shaba imekuwa nyeusi, ina unga wa kijani. Nikakata kipande, nikalehemu koneksha mpya, nikaizungushia tepu ya mpira maji yasipite, SWR ikarudi chini.

Usiku nikategea bikoni za megahezi 14.100, yaani vituo vinavyorusha ishara vyenyewe ili watu wapime mawimbi yanafika wapi. Ziko 18 dunia nzima, kila moja inapata sekunde 10 zake, dakika tatu mzunguko umeisha, inataja kolisaini (jina la kituo) kwa Morse halafu milio minne, wa kwanza wati 100, wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. (Ya kwetu Kenya, 5Z4B, iko chini ya Amateur Radio Society of Kenya. Mimi kwa mita 20 siipati vizuri, iko karibu mno, mawimbi yananiruka.) Nikaisikia ZS6DN ya Afrika Kusini mpaka mlio wa tatu. Wati moja! Nikamwita mke wangu aje asikie.

Na sikurudi kumwambia mzee. Wiki tatu. Yeye ndiye aliyeniandikia, "Mwanangu, ile antena iliishaje?" Nikaona haya kweli. Akasema wengi hawarudi, naye anabaki hajui kama alimsaidia mtu au alimpoteza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata matusi ya jana, maana yule mzee malipo yake ni hayo tu, kujua imepona, na mtu wa Lamu au Tanga ambaye koneksha yake imeliwa na chumvi mwakani atasaidiwa na jibu la yule aliyerudi kusema ilikuwa nini. Ukinyamaza umekula peke yako.

Haya, wako wakali, nakubali. Wapo wanaomwambia mgeni "nenda kasome" na mgeni anapotea moja kwa moja, si vizuri.

Lakini wewe kijana wa jana, andika tena. Mwombe mzee radhi kwanza, halafu sema uko bendi gani, kebo gani, SWR ngapi, na umeshajaribu nini. Na kama uko Mombasa, dummy load ninayo, njoo uazime.